Watembeao Usingizini: Hermann Broch na Kuporomoka kwa Maadili ya Ulaya



Nimeombwa nizungumzie riwaya ya usasa barani Ulaya na swali la maadili, nami nimeona badala ya kugusagusa waandishi wengi, nikae na mmoja. Huyo ni Hermann Broch, Mwaustria, na riwaya yake ya sehemu tatu iitwayo Die Schlafwandler, yaani Watembeao Usingizini, iliyochapishwa kati ya mwaka 1930 na 1932. Inaifuata jamii ya Wajerumani kwa miaka 30, kuanzia 1888 hadi 1918, na kuuliza ilikuwaje watu waliojiona wastaarabu kuliko wote wakafika mahali ambapo mauaji hayamshtui mtu.

Tunapolalamikia mmomonyoko wa maadili, kwa kawaida tunataja tabia: ulevi, uzinzi, wizi, vijana wasiosikia la mkuu. Lawama yetu humwendea aliyevunja kanuni. Broch anatupeleka mahali pagumu zaidi. Anaonyesha kwamba jamii inaweza kuoza huku kila mtu akishika kanuni za kazi yake barabara. Askari anatii, mfanyabiashara anatafuta faida, karani anasawazisha hesabu, na mwisho wake mtu anachomwa singe mgongoni gizani, muuaji anarudi nyumbani kuendelea na biashara, na hakuna wa kumwuliza. Hoja yangu ni kwamba Broch aliuona ugonjwa huu kwa usahihi kuliko waandishi wengi wa zama zake, ingawa dawa aliyoitamani ilikuwa na kasoro kubwa.

Mwenye kiwanda aliyeshika kalamu

Broch alizaliwa Vienna tarehe 1 Novemba 1886, katika familia ya Kiyahudi iliyotajirika kwa biashara ya nguo. Alisomeshwa uhandisi wa ufumaji ili arithi kiwanda cha familia kilichokuwa Teesdorf, kusini mwa Vienna, na kweli alikiendesha kwa miaka mingi. Mwaka 1927 alikiuza. Akiwa na umri wa miaka 40 akarudi darasani, Chuo Kikuu cha Vienna, kusoma hisabati na falsafa. Kitabu chake cha kwanza kikubwa kilitoka akiwa na miaka 44.

Nayataja haya kwa sababu yanaeleza nguvu ya riwaya yenyewe. Waandishi wengi waliowashutumu wafanyabiashara waliwatazama kwa mbali, kama wageni. Broch alikaa miaka mingi upande wa pili wa meza. Alijua daftari la hesabu linavyofungwa, mkopo unavyoombwa, mwenye mtaji anavyozungumza anapotaka kuaminiwa. Anapomchora tapeli wa biashara anamchora kwa ndani, bila kelele, na ndiyo maana picha hiyo inatisha.

1888: Heshima iliyovaa sare

Sehemu ya kwanza inamhusu Joachim von Pasenow, luteni kijana wa jeshi la Prussia aliyeko Berlin, mtoto wa kabaila mwenye mashamba. Kaka yake Helmuth anauawa katika pambano la bastola la watu wawili, ile desturi ya mabwana kumaliza ugomvi wa heshima kwa risasi. Baba mzee anashika neno moja tu: mwanawe amekufa kwa ajili ya heshima. Analirudia hadi linapoteza maana, na hatimaye akili yake mwenyewe inayumba. Hakuna anayeuliza heshima hiyo ilimlinda nani au ilijenga nini. Desturi ilidai damu, ikapewa.

Joachim amempenda Ruzena, msichana kutoka Bohemia anayefanya kazi katika nyumba ya starehe. Lakini ukoo na jirani wote wanamtarajia amwoe Elisabeth, binti wa kabaila mwenzao. Kati ya wanawake hawa wawili Joachim hana uamuzi wake mwenyewe. Anachoshikilia ni sare yake. Broch anaandika kurasa za ajabu kuhusu sare hiyo: kwamba zamani vazi la kasisi ndilo lililomtenga mtu na wengine kwa sababu ya Mungu, na kasisi alipopoteza nafasi yake, gwanda la ofisa likaikalia. Sare inamfunga mtu vifungo hadi shingoni na kumkinga na mchafuko wa maisha, hata na mchafuko wa moyo wake.

Usiku wa harusi unafunua yote. Bwana harusi amelala kando ya mkewe akiwa bado na sare, ameshughulishwa na namna koti lilivyojikunja. Mtu aliyelelewa katika heshima hajui namna ya kumgusa binadamu mwenzake. Broch anakiita kipindi hiki cha ulimbwende, na kwake ulimbwende ni kosa la kukitukuza kitu cha dunia, kama vile bendera, cheo au jina la ukoo, kana kwamba ndicho cha milele. Joachim ni mtu mwema, na hilo ndilo linalouma. Wema wake umewekwa rehani kwa alama iliyokwisha kufa.

Kando yake yumo rafiki, Eduard von Bertrand, aliyeacha jeshi akawa mfanyabiashara. Bertrand anaona kila kitu waziwazi na hajihusishi na chochote kwa moyo. Msomaji anavutiwa naye kwa akili yake, kisha anagundua kuwa kuona bila kujitoa kwa ajili ya mtu hakujamwokoa yeyote.

1903: Karani na deni la dunia

Sehemu ya pili inashuka kutoka kwa makabaila hadi kwa watu wa kipato kidogo, katika miji ya mto Rhein. August Esch, mtunza hesabu mwenye umri wa miaka 30, anafukuzwa kazi Cologne. Anajua kwamba bosi wake, Nentwig, ndiye aliyechezea vitabu. Rafiki yake Martin, kiongozi wa chama cha wafanyakazi anayetembea kwa magongo, anafungwa ilhali hana hatia. Msichana aitwaye Ilona husimama jukwaani kila usiku akirushiwa visu kwa ajili ya burudani ya watu. Esch anakusanya makosa haya yote na kuyaweka katika daftari moja kichwani mwake. Dunia nzima, kwake, ni hesabu isiyosawazika. Kuna deni mahali fulani, na lazima mtu alilipe.

Hapa Broch anatupa onyo ambalo lingeweza kuandikwa leo. Esch ana kiu ya haki kwelikweli. Lakini hana kipimo cha haki isipokuwa kile cha kazi yake, cha kuingiza na kutoa. Anatafuta wa kulipa, na macho yake yanamwangukia Bertrand, ambaye sasa ni tajiri wa meli na ndiye mwajiri wake mkuu. Anamshtaki polisi kwa uhusiano na wanaume wenzake, jambo lililokuwa kosa la jinai kwa sheria ya Ujerumani. Bertrand anajiua. Hesabu haikusawazika, Martin hakutoka gerezani kwa sababu hiyo, na Nentwig aliyekosa hakuguswa. Esch naye anamwoa Mama Hentjen, mjane mwenye baa, na kuingia katika maisha ya kawaida akiwa amebeba ndoto ya Marekani ambako hakufika.

Broch anakiita kipindi hiki cha vurugu, na vurugu anayoisema imo ndani ya mtu. Esch anayasikia maneno ya wokovu, ya mapinduzi, ya mapenzi na ya biashara, na hajui tena yapi ni ya nini. Hasira ya haki isiyojua inaelekea wapi humwangukia aliye karibu, au aliye tofauti.

1918: Mtu asiyejiona na hatia

Sehemu ya tatu ndiyo kilele. Wilhelm Huguenau, mfanyabiashara kutoka Colmar katika Alsace, anatoroka vitani huko Ubelgiji mwaka 1918. Anafika mji mdogo karibu na mto Mosel, ambako Esch sasa ana gazeti lake dogo, na Joachim von Pasenow, aliyezeeka, ni meja na kamanda wa mji. Watu watatu wa vipindi vitatu wanakutana.

Huguenau hana fedha wala hati, lakini ana lugha ya biashara. Anajifanya mwakilishi wa kundi la wawekezaji wakubwa, anawapamba wakuu wa mji, anawashawishi watoe fedha zao, na kwa fedha hizo analichukua gazeti mikononi mwa Esch. Anaripoti watu kwa meja kama raia mwema. Hana chuki. Hana hata tamaa kubwa. Anafanya lililo mbele yake, lenye faida, kwa wakati wake.

Novemba 1918 utawala unaanguka. Usiku ule wa ghasia Huguenau anambaka mke wa Esch. Kisha anamfuata Esch mwenyewe barabarani gizani na kumchoma singe mgongoni. Baada ya hapo anamchukua meja, aliyejeruhiwa na kupoteza fahamu zake, anamfikisha hospitalini Cologne kwa uangalifu wa mhudumu mwema, na kuutumia msafara huo kurudi kwao salama. Baadaye anamwandikia mjane wa mtu aliyemuua barua rasmi, yenye lugha safi ya kibiashara, akidai alipwe fungu lake la gazeti. Mjane analipa. Huguenau anaishi akiwa raia anayeheshimika.

Riwaya za kale zilimzoesha msomaji kumwona muuaji akiteswa na dhamiri, kama Raskolnikov wa Dostoevsky. Huguenau hateswi. Kumbukumbu ya mauaji inafifia kichwani mwake kama mambo mengine ya safarini. Kwake kitendo kile kilikuwa likizo fupi iliyoruhusiwa na ghasia, na likizo ikiisha mtu hurudi kazini. Sijui sura nyingine katika fasihi ya Ulaya ya wakati ule inayoeleza uovu wa kisasa kwa usafi wa namna hii.

Umbo lililovunjika

Sehemu ya kwanza ya riwaya inasomeka kama riwaya ya karne ya 19, yenye mtiririko na adabu. Ya pili inaanza kuyumba. Ya tatu inavunjika vipande. Kando ya kisa cha Huguenau kuna visa vingine visivyoungana: Hanna Wendling, mke wa mwanasheria aliyeko vitani, anayetengana na maisha polepole, Jaretzki, luteni aliyepoteza mkono, Gödicke, mwashi aliyefukiwa na udongo vitani, akafukuliwa akiwa hai, na sasa anaijenga nafsi yake upya kama anavyojenga ukuta. Kuna binti wa Jeshi la Wokovu huko Berlin, ambaye kisa chake kinaelezwa mara kwa nathari mara kwa ushairi. Na katikati ya yote zimepandwa insha kumi za falsafa zenye kichwa kimoja, kuhusu kusambaratika kwa maadili.

Msomaji aliyepita katika Nagona na Mzingile za Euphrase Kezilahabi hatashangazwa na riwaya inayokataa umbo la kawaida. Broch alivunja umbo kwa sababu jamii anayoisimulia imevunjika, na ni uongo kuisimulia kana kwamba bado ni kitu kimoja. Wahusika wanaishi mji mmoja, wanapishana barabarani, na maumivu ya mmoja hayamfikii mwingine.

Kila mwamba ngoma

Hizo insha zinasema nini? Kwa Broch, Ulaya ya Zama za Kati ilikuwa na kitovu kimoja cha thamani, yaani Mungu. Askari, mfanyabiashara na mchoraji walikuwa na kanuni zao, ila kanuni hizo zilikoma mahali fulani, kwa sababu juu yao palikuwa na jambo kubwa zaidi la kujibu. Tangu Mageuzi ya Kidini na Mwamko wa Ulaya kitovu hicho kilianza kulegea. Kila fani ikajitegemea na kuifuata kanuni yake hadi mwisho wake, bila kizuizi. Biashara ikawa biashara tu, vita vikawa vita tu, sanaa ikawa sanaa tu.

Wahenga wetu walisema kila mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake. Hiyo ndiyo picha ya Ulaya ya Broch. Kila fani inaivuta ngozi upande wake kwa bidii na kwa ustadi, na hakuna mvutaji hata mmoja aliye mvivu au mwongo katika kazi yake. Ngozi inapasuka kwa sababu wote ni hodari na hakuna anayeitazama ngoma nzima.

Katika hali hiyo mtu aliyeshinda wote ni yule asiye na masalia yoyote ya kitovu cha zamani. Pasenow ana masalia ya heshima, Esch ana masalia ya wokovu, na yote mawili yanawachelewesha. Huguenau hana chochote cha kumchelewesha. Huu ndio uyakinifu, jina ambalo Broch anakipa kipindi cha tatu, na ndio mtu anayemtaja kuwa mtoto halali wa zama zake.

Pale Broch anapopungukiwa

Ndugu zangu, heshima kwa mwandishi haituzuii kumpinga. Sikubaliani naye kuhusu Zama za Kati. Umoja wa imani anaousifu ulikuwa na waliokaa nje yake. Mwaka 1421, katika mji wake mwenyewe wa Vienna, Wayahudi waliteswa, wakachomwa moto na waliobaki wakafukuzwa, na waliotenda hayo walidai wanamtumikia Mungu. Kitovu kimoja hakimzuii mtu kuua. Mara nyingine humpa ruhusa. Anayesikia somo la Broch na kuhitimisha kuwa dawa ni kuirudisha jamii chini ya sauti moja, amelisoma somo nusu.

Jambo la pili analoliacha linatugusa sisi. Broch anaitazama nyumba ya Ulaya kutoka ndani, na dirisha la kutazama nje halifungui sana. Hebu tulifungue wenyewe. Mwaka ule wa 1888, Pasenow anapovaa sare yake Berlin, Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ilipandisha bendera yake Pangani, na watu wa pwani wakaamka chini ya Abushiri bin Salim. Mwaka uliofuata serikali ya Ujerumani ilimtuma Hermann von Wissmann na jeshi, na Desemba 1889 Abushiri alinyongwa Pangani. Kampuni ilifuata kanuni ya kampuni, jeshi likafuata kanuni ya jeshi. Katika Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907, ambavyo chanzo chake kimoja kilikuwa kilimo cha pamba cha kulazimishwa, vijiji na mazao viliteketezwa makusudi na njaa ikawaua watu wengi kuliko risasi. Na Novemba 1918, mwezi ule ule Huguenau anapoua, Lettow-Vorbeck alikuwa akisalimisha silaha Abercorn, ng'ambo ya mpaka wetu wa kusini-magharibi, baada ya vita vilivyomaliza maelfu ya wapagazi wa Kiafrika.

Kwa hiyo ule utengano wa biashara na utu ambao Broch anauona ukikomaa mwaka 1918, ulikuwa umeshafanya kazi kwenye pwani yetu miaka 30 kabla. Watu wa huku waliuona uso wa Huguenau mapema. Hilo halimfanyi Broch kuwa mwongo. Linauthibitisha uchunguzi wake na kuurefusha.

Historia ilivyojibu

Riwaya ilikamilika kuchapishwa mwaka 1932. Januari 1933 Hitler alikabidhiwa madaraka Ujerumani. Machi 1938 Austria ilimezwa, na Broch akakamatwa na kufungwa. Marafiki walihangaika kumtoa, James Joyce akiwa miongoni mwao, na mwaka huo huo alifika Marekani kupitia Uingereza. Mama yake alibaki. Alifia katika kambi ya Theresienstadt mwaka 1942.

Kambi hizo hazikuendeshwa na wendawazimu peke yao. Ziliendeshwa na watunza hesabu, wahandisi, mahakimu, wakemia na maofisa wa reli waliojua kazi zao na kuzifanya kwa wakati. Broch alikuwa amewaeleza watu hao miaka kumi kabla, katika kisa cha tapeli mmoja wa mji mdogo.

Huko uhamishoni hakurudi kuomba Zama za Kati. Alisoma saikolojia ya umati, na aliendeleza fikra aliyokuwa ameianza kwa andiko lake la 1937 lililokusudiwa kwa Shirikisho la Mataifa: kwamba utu wa binadamu ulindwe kwa sheria inayovuka mipaka ya dola. Alitafuta kitu kimoja cha hapa duniani kisichojadiliwa, akakiona katika mpaka huu: binadamu asifanywe mtumwa, kamwe, kwa sababu yoyote ya biashara, vita au siasa. Nadhani hapo ndipo alipolijibu swali la riwaya yake kwa usahihi zaidi kuliko ndani ya riwaya yenyewe. Alifariki New Haven tarehe 30 Mei 1951, kazi hiyo ikiwa haijakamilika.

Neno kwa wanafunzi

Broch anaifunga riwaya kwa kulikumbuka gereza la Filipi katika Matendo ya Mitume, pale Paulo anapomzuia mlinzi aliyetaka kujiua, akimhakikishia kuwa wafungwa wote wapo. Baada ya kurasa nyingi za watu wasiosikiana, mwandishi anachagua kumaliza kwa sauti ya mfungwa anayemjali mlinzi wake.

Nyinyi mnaosomea biashara, sheria, uhandisi, udaktari, uandishi wa habari na ualimu, mtafundishwa kanuni za kazi zenu, na inafaa mzijue vizuri. Lakini siku mtakapojibiwa kwamba jambo fulani linafanywa kwa sababu ndivyo kazi inavyotaka, ulizeni linamfanya nini mtu aliye upande wa pili. Ulizeni mapema, kabla barua haijatumwa na kabla hati haijatiwa saini. Nanyi wafasiri wa Kiswahili, nawasihi mtuletee Broch kwa lugha yetu, tumsome pamoja na kumpinga pamoja.